Ushago ni rahisi kama pesa yako inatoka kwingine

Kila unga ukipanda bei lazima mtu atokee na ule ushauri wake, kwamba Nairobi imeshinda watu, dawa ni kurudi ushago, yaani kijijini kwenu, kule hakuna kodi ya nyumba, sukuma unachuma nyuma ya jikoni, mbuzi anajilisha mwenyewe na hewa ni safi. 2022 wakati paketi ya kilo mbili ilivuka 200 huo wimbo uliimbwa sana, 2023 ukarudi tena, petroli ilipofika 211.64 kwa lita hapo Nairobi mwezi wa Septemba. Na sio uongo wote, sitaki kukaa hapa nikijifanya eti kulipa kodi kila mwezi kwa chumba kimoja cha mabati ni raha. Lakini hebu angalia vizuri anayetoa ushauri ni nani. Mara nyingi ni mwalimu, ama nesi wa kaunti, ama mzee amestaafu serikalini pensheni inaingia kila mwezi, ama kijana anafanya kazi ya kompyuta na analipwa na watu wa mbali. Kwa hao ushago ni rahisi kweli, tena ni tamu. Swali langu ni la yule ambaye hata shilingi yenyewe inatakiwa itoke hapo hapo ushago.

Nitachukua Makueni kama mfano. Sababu ya kwanza, sio kaunti ya kuonea huruma. Kama ningetaka kuwatoa machozi ningeenda Turkana ambako utafiti wa KNBS, lile shirika la takwimu la taifa, wa 2015/16 ulikuta karibu watu wanane kwa kila kumi ni maskini. Makueni iko katikati hivi, watu laki tisa na themanini na kitu kwa sensa ya 2019, juu kwa milima ya Mbooni kuna baridi na kahawa, ukishuka Kibwezi ni joto na vumbi, barabara ya Mombasa inapita kati na reli ya SGR nayo inapita, Emali kuna soko kubwa la mifugo, Wote ndio makao makuu. Kaunti ya kawaida tu. Na imesifiwa sana kwa vile ilivyotumia ugatuzi tangu 2013, kwa hivyo tukikuta maisha ni ghali hapo, huko kwingine ni kubaya zaidi.

Sasa kuna hesabu moja ya serikali ambayo watu hupita nayo haraka. Kwa ule utafiti wa 2015/16 KNBS waliweka mstari wa umaskini, yaani pesa ambayo mtu mzima mmoja akiwa chini yake kwa mwezi anahesabiwa maskini. Mjini ilikuwa 5,995. Mashambani 3,252. Ukiona hivyo unasema basi yaishe, si ni wazi ushago ni karibu nusu bei. Ngoja. Ndani ya hizo pesa kuna ya chakula peke yake, 2,551 mjini na 1,954 mashambani. Toa moja kwa ingine uone. Tofauti ya chakula ni kama mia sita tu. Kilichobaki, vitu ambavyo sio chakula, ni 3,444 mjini na 1,298 mashambani. Kwa hivyo sehemu kubwa ya ile tofauti tunayoita urahisi wa ushago haiko kwa sufuria, iko kwa nyumba, usafiri, dawa, maji, stima, shule, simu, nguo.

Na hio pesa ya vitu visivyo chakula ilipatikanaje? Kwa lugha rahisi, unaangalia watu wanaojikaza kabisa, wale ambao chakula kinawatosha kwa shida, halafu unaangalia wao hutumia ngapi kwa hivyo vitu vingine. Ni njia inayotumika nchi nyingi, siilaumu. Lakini ona inachofanya. Kama karibu na mama wa kijijini hakuna maji ya mfereji ya kulipia, hajalipia maji. Kama zahanati iko mbali na akaamua kumpa mtoto panadol ya duka alale, hajalipa hospitali. Kama hakuna matatu na akatembea, nauli ni sufuri. Hesabu inarudi na jibu kwamba huyu mama maisha yake ni ya bei nafuu! Kodi ya nyumba ni kweli hailipi, hio nawapa. Hizo zingine nyingi hakuokoa kitu, alikosa. Na zile ambazo hakukosa alizilipa na miguu na mgongo na masaa, na hayo hakuna fomu inayoyauliza bei.

Maji ndio mfano unaouma zaidi kwa hizi kaunti kavu. Mwezi wa tisa ukishuka kwa mto wowote wa msimu sehemu za Kathonzweni, hapo hapo Makueni, utakuta ni mchanga mtupu, na katikati ya mchanga kuna shimo linamfika mtu kiunoni. Mama ako ndani ameinama na kopo, anachota kidogo, anangoja maji yajae tena, anachota, anamimina kwa mtungi amefunika mdomo wake na leso ndio takataka zibaki. Juu pale punda wamesimama, kila mmoja na mitungi yake minne, na nyuma ya punda kuna foleni. Maji ni ya bure, ndio. Masaa matatu ya asubuhi yameisha.

Asiye na punda wala masaa matatu ananunua. Tuseme analetewa mtungi wa lita ishirini kwa shilingi ishirini, na kuna mahali na misimu hio ni bei ya kirafiki kabisa. Nyumba ya watu sita ikijibana itatumia mitungi mitano kwa siku, hio ni mia, kwa mwezi ni elfu tatu. Shosho wa miaka 70 na zaidi anayepokea Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya kusaidia wazee, analipwa elfu mbili kwa mwezi, tena kama haijachelewa. Hata ukiiangalia kwa upande wa kampuni za maji ni maajabu, manake mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita elfu moja, ni mitungi hamsini, yaani huyu mtu wa kijijini analipa elfu moja kwa mita moja, na hakuna mtu Nairobi ako na mfereji ndani ya nyumba anakaribia bei kama hio. Kwa hivyo mwenye kidogo ndiye analipa zaidi, kwa maji machafu zaidi. Alafu tunaambiana ushago ni rahisi.

Hapo kwa punda pia kuna hadithi yake. Vile vichinjio vya kuuza ngozi nje vilipofunguliwa, wizi wa punda ulienea mashambani mpaka serikali ikatangaza kupiga marufuku 2020, na ukimwibia mtu wa Ukambani (huku kwa Wakamba, Makueni ikiwemo) punda hujaiba mnyama tu, umeiba mfereji wake na lori lake. Huwezi kuona hio kwa takwimu za mfumuko wa bei, kwanza kwa sababu zile bei za kila mwezi zinakusanywa sana sana kwa maduka na masoko ya miji, na pili kwa sababu hakuna mahali mle ndani wanaandika gharama ya punda kupotea.

Kitu kimoja Makueni walifanya ambacho mimi nakisifu bila kinyongo ni ile sheria ya mchanga ya 2015. Wasiojua watashangaa mchanga unahusiana aje na gharama ya maisha. Ni hivi, mito ya huku huweka maji yake ndani ya mchanga, jua haliyafikii, ndio maana watu wa Ukambani wamejenga zile kuta za kuzuia mchanga mtoni miaka mingi, mvua ikipita mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanakaa humo ndani miezi. Lori zikija usiku zikabeba mchanga zikapeleka Nairobi kujenga maghorofa, mto unabaki mwamba na yule mama wa kopo anasukumwa kilomita kadhaa mbele. Gharama ya nyumba ya Syokimau, pale nje ya Nairobi, ilikuwa inalipwa na yeye na hakuna aliyempa risiti. Sheria ikafunga hio biashara ya kutoa mchanga nje ya kaunti. Vizuri sana.

Ila kuna upande ambao wakubwa hawapendi kuuongelea. Kijana wa kupakia lori alikuwa anatoka pale na keshi mfukoni siku hio hio. Na keshi ya siku hio hio ndio kitu adimu kuliko vyote ushago, ni adimu kuliko chakula. Huyo kijana hakupewa kingine cha kumpa keshi ya siku, wengi wakapanda boda, na sasa boda ni nyingi kuliko abiria, na wakati ule mafuta yalipopanda vile (ushuru wa VAT juu yake ulitoka 8% ukaenda 16% hapo Julai 2023) aliyeumia ni yeye na abiria wake, manake ndani kule petroli hainunuliwi kwa pampu ya bei ya EPRA, ile mamlaka inayopanga bei ya mafuta, inanunuliwa kwa chupa kando ya kibanda, na mwenye kibanda ameongeza yake.

Hapo kwa keshi ndipo hasa ninapotaka kukaa, juu naona uchambuzi mwingi wa gharama ya maisha unapakosa. Watu huuliza mtu wa kijijini anapata ngapi kwa mwaka. Swali la maana ni anapata lini. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ile ya Oktoba mpaka Disemba, ile ya Machi ni bahati nasibu. Ndengu unavuna kama Januari mwisho, Februari, mahindi nayo huko huko. Shule zinafunguliwa mwanzo wa Januari. Unaona shida iko wapi? Karo inadaiwa wiki kadhaa kabla shamba halijalipa. Broka anajua hivyo kuliko hata waziri wa elimu. Anakuja na pikipiki na mizani yake, ananunua ndengu ambazo hazijakauka vizuri kwa bei yake, na asiye na ndengu anapeleka mbuzi sokoni, lakini sasa kila mtu amepeleka mbuzi, kwa hivyo mbuzi ambaye Disemba kabla ya Krismasi angekuwa na bei, Januari anauzwa kwa kulilia. Ikifika Juni, Julai huyo huyo aliyeuza ndengu anaenda dukani kununua ndengu, kwa gorogoro, kwa bei iliyopanda. Amelipa faida ya broka mara mbili, akiuza na akinunua. Mvivu hayuko hapo na mjinga hayuko, ni kalenda imemkalia vibaya.

Ni hayo hayo kwa maembe, yanaiva yote pamoja, mti ukishaamua umeamua, na kama huna pa kuyapeleka wiki hio yanaoza. Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kuanzia 2014 kwa ajili ya nzi wa matunda mpaka 2021 ikarudi, na hio miaka yote bei ya shambani iliwekwa na broka na lori lake. Kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika pale Kalamba, wazo zuri, kiwanda kinampa mkulima mahali pengine pa kuuza hata kama hakiwezi kuchukua maembe yote ya kaunti. Mimi huwa sikubaliani na wanaosema eti kiwanda kimoja hakisaidii. Hata kikinunua sehemu ndogo, broka akijua kuna bei ingine karibu inabidi aongeze kidogo.

Sasa mtu ambaye keshi yake inakuja mara mbili kwa mwaka anaishije hio miezi ingine kumi? Anaishi na kupima. Mafuta ya kupika ya kupima, sukari robo, sabuni kipande, majani chai ya pakiti ya tano, salio la ishirini, bando la siku. Kila mmoja wetu anajua ukipiga hesabu ya lita nzima ile mafuta ya kupima ni ghali kuliko jerikeni ya lita tano ya supamaketi, lakini nani atampa huyo mama pesa ya lita tano siku moja? Kisha kuna daftari la deni pale dukani. Watu wa mjini hulidharau hilo daftari lakini ndio benki ya kweli ya kijiji, haina fomu, haiulizi pini, ila riba yake imefichwa ndani ya bei. Mwenye duka naye sio mchoyo, wateja wake nusu watamlipa Februari, na wengine hawatamlipa, lazima hasara aiweke mahali.

Ndio maana bima ya afya ni mfano mzuri sana wa vile serikali inaweza kuelewa ama kukosa kuelewa. 2016 Makueni ilianzisha MakueniCare chini ya Gavana Kivutha Kibwana. Boma lote lilikuwa linalipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa kwa hospitali za kaunti, wazee wa zaidi ya miaka 65 hawalipi. Mia tano ni kuku mmoja. Mtu anaweza kuuza kuku Jumanne akawa na bima Jumatano. Haikuwa kamili, dawa zilikuwa zinaisha, foleni zilikuwepo, na pesa nyingi zilikuwa zinatoka kwa bajeti ya kaunti yenyewe, hio ni kweli. Lakini mtu aliyeitunga alikuwa ameelewa keshi ya kijijini inavyotembea.

Halafu Oktoba 2024 tukaletewa SHA, bima ya afya ya serikali kuu, nchi nzima. Mwenye mshahara anakatwa 2.75% kila mwezi, hata hahisi sana. Asiye na mshahara anapigiwa hesabu kwa maswali, nyumba imeezekwa na nini, una mifugo, choo ni cha aina gani, na kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, ila ilipoanza alitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Hio ni 3,600 kwa chini kabisa. Yaani mwenye keshi ya kila mwezi analipa kidogo kidogo, na asiye na keshi ya kila mwezi ndiye aliambiwa alipe yote mara moja. Nani alikaa ofisini akaona hio ina akili? Mia tatu kwa mwezi ukiisikia redioni ni kitu kidogo, ni kikombe cha kahawa Westlands. Elfu tatu mia sita kwa mpigo ni mbuzi, na huyo mbuzi tayari alikuwa na jina la mtoto wa sekondari.

Nisieleweke vibaya, kuna vitu vya ushago ambavyo pesa ya Nairobi hainunui na huwa naudhika nikiona wachambuzi wanaandika kijiji kana kwamba ni hospitali ya wagonjwa mahututi. Mvua ikiwa nzuri, ikifika mwisho wa Februari boma lina isyo na muthokoi, vyakula vyetu vya mahindi, mpaka watu wanachoka, kunde mbichi ziko, maembe yanaanguka yenyewe, mtoto anacheza mpaka giza bila mtu kumchunga. Mwethya ukiitwa watu wanakuja kulima kwa mjane bure, jaribu kuita hivyo mtaa wa Pipeline Nairobi uone. Ukifiwa hutazika peke yako. Mzee wa miaka themanini ushago bado ni mtu, anasalimiwa, anaamua kesi, hakai kwa kiti cha plastiki ndani ya ghorofa ya nne akingoja mtu arudi kazini. Kwa upande huo, ushago wa mwaka wa mvua unaishinda Nairobi na sio kidogo. Shida ni mwaka usio wa mvua. Mwethya haujazi tanki wakati wote mmekauka pamoja, na yule jirani wa kukukopesha debe naye anatafuta debe. 2020 mwisho mpaka 2022 misimu ilifeli mfululizo, na wale ambao hawakuuza mifugo yote ni wale walikuwa na mtu mahali anatuma M-Pesa. Tumerudi pale pale, pesa ya kutoka kwingine.

Kwa hivyo mimi nikisikia gavana au mbunge akisema amepunguza gharama ya maisha mashinani, sitaki kusikia habari ya mifuko ya mbolea na picha, ingawa mbolea pia ni sawa. Nataka kujua mambo mawili. La kwanza, je, umbali umepungua, kati ya mlango wa nyumba na bomba, na zahanati yenye dawa, na barabara ambayo gari linapita hata wakati wa mvua. Bwawa la Thwake pale mpakani mwa Makueni na Kitui limejengwa miaka na miaka, mabilioni ya shilingi, na ahadi za kumaliza zimesogezwa mpaka watu wamezoea, lakini hata likijaa kesho ule ukuta haumpi mtu maji. Mabomba ndio yanampa, na yakiishia Wote mjini basi mama wa Kathonzweni ataendelea na kopo lake akiwa anaona bwawa kwa macho.

La pili ni hio kalenda, na haihitaji mabilioni. SHA inaweza kuamua leo kwamba mkulima wa kaunti kavu alipe vipande vinne, kikubwa Machi baada ya mavuno, na asikatiwe huduma Novemba kwa sababu hajauza kitu. Kaunti inaweza kuweka maghala ya kukaushia ndengu na kumpa mkulima nusu ya bei Januari anapoleta gunia, ile ingine Juni bei ikipanda, ushirika wa kahawa umekuwa ukilipa malipo ya awali miaka mingi kabla hata ugatuzi haujazaliwa. Shule zenyewe za serikali, ambazo tayari zinapewa pesa ya kila mwanafunzi wa sekondari na Nairobi kwa awamu, tena zikichelewa kupewa zinalalamika mpaka kwa televisheni, zinaweza kumkubalia mzazi awamu pia badala ya kumrudisha mtoto nyumbani wiki ya kwanza. Mwalimu mkuu akisema haiwezekani muulize yeye mshahara wake huingia tarehe ngapi.